Mjusi wa Bahari Katika Kisima cha Mwamapela

Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, katikati ya stoo ya vielelezo, na Dakta Martha alikuwa amelizunguka mara tatu. Inspekta Sabiri alisubiri mlangoni. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mtaalamu akiharakishwa hutoa jibu analodhani polisi wanalitaka.

"Kuna mtu amelisafisha?" Martha aliuliza hatimaye.

"Hakuna. Limeinuliwa kisimani, likaviringwa kwenye turubai, likaletwa hapa. Konstebo Ummy alikaa nalo nyuma ya gari njia nzima kutoka Tura."

"Na mgongo wangu ni shahidi, afande," alisema Ummy, daftari mkononi.

Martha hakucheka. Alikuwa amesafiri kutoka chuo kikuu siku nzima na nusu kwa ajili ya jiwe hilo, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyefurahi kulikuta. Aliinama, akawasha tochi ndogo, akaielekeza kwenye duara la mifupa lililokaa ubavuni mwa fuvu kama sahani iliyopasuka vipande vipande na kupangwa upya.

"Kijijini wanamwitaje?"

"Joka," alisema Sabiri. "Joka la maji. Wanasema ndilo lililomuua Deus kwa kuchokonolewa."

"Huyu si joka, wala mamba. Ni mjusi wa baharini. Alikuwa na umbo la samaki, lakini alivuta hewa kama wewe na mimi. Ilimbidi apande juu kupumua. Hili duara ni la jicho. Linazidi kiganja changu kwa ukubwa, na limezungukwa na vibao vya mfupa ili lisipondwe na uzito wa maji. Mnyama mwenye jicho hili aliwinda kwenye kina kirefu, mahali penye giza." Akasogeza tochi kwenye mbavu. "Hivi vikucha vyeusi vidogo ni vya ngisi. Ndicho chakula chake cha mwisho. Na hapa nyuma, unaona huu uti wa mgongo mwembamba, kama mnyororo wa saa?"

Sabiri aliinama. Aliuona.

"Mtoto wake. Hawa hawakutaga mayai, walizaa majini, maana wasingeweza kutambaa hadi nchi kavu. Huyu alikufa na mimba yake, akazama kwenye tope la bahari, tope likamfunika. Imepita zaidi ya miaka milioni mia moja." Alizima tochi. "Sasa niambie, Inspekta. Bahari hiyo ilikuwa wapi hapa Tabora?"

Kesi yenyewe Sabiri aliijua kwa juujuu tu. Deus alikuwa mchimba visima wa kijiji cha Mwamapela, kusini mwa stesheni ya Tura, katika nchi kame ambayo misafara ya zamani iliivuka kwa hofu, na mapagazi walipoimaliza ndipo walipotua mizigo yao. Kisima kilikuwa cha kijiji kizima, nacho kilikuwa kimefika futi thelathini na nne bila kutoa maji. Jumatatu moja ya mwanzo wa Septemba, Deus na Zablon, mwenyekiti wa kamati ya maji, walitoa taarifa kwamba wamekuta mifupa ya ajabu chini. Redio ilitangaza. Afisa wa mambo ya kale akaagiza, kama sheria inavyotaka, kwamba uchimbaji usimame mpaka wataalamu wafike. Jumatano ya wiki iliyofuata, Deus alikutwa amekufa mle shimoni, mguu umevunjika na fuvu limepasuka.

Kijiji kilikuwa na maelezo mawili. La kwanza ni joka. La pili, ambalo Zablon mwenyewe alilisema kwa huzuni kubwa, ni kwamba Deus alishuka kwa siri kung'oa meno ya mnyama akayauze, akateleza.

Faili lingeweza kufungwa hapo. Kilichomzuia Sabiri kulifunga ni kamba. Kamba ya Deus ilikutwa juu, imeviringwa vizuri na kutundikwa kwenye nguzo yake. Mtu anayeanguka akishuka huiacha kamba ikining'inia.

"Anayeulizwa ni mimi," alisema Sabiri, "lakini jibu unalo wewe, Daktari."

"Haikuwapo. Chini ya miguu yenu ni graniti, kongwe kuliko kiumbe chochote chenye mfupa. Unaweza kuchimba Mwamapela mpaka uchoke, hutamkuta mnyama wa bahari. Na tazama hili jiwe lenyewe: tope la kijivu lililokauka, limejaa makombe ya konokono wa baharini. Mawe kama haya yako pwani ya kusini, Kilwa na Lindi huko. Tena picha mlizopiga shimoni zinaonyesha alilazwa kichwa chini miguu juu. Tabaka za tope hazikubali. Aliyemweka hakujua tumbo ni lipi na mgongo ni upi."

"Aliyemweka," Ummy alirudia, akiandika.

"Meno?" aliuliza Sabiri.

"Yote yapo. Mawili yamevunjika, lakini yalivunjika hata kabla ya jiwe kuwa jiwe. Hakuna alama ya patasi wala nyundo. Hakuna mtu aliyejaribu kuiba kitu hapa."

Kwa hiyo maneno ya Zablon yalikuwa yamekufa. Sabiri alivuta stuli, akakaa, macho yakawa sambamba na jiwe. Baba yake, marehemu Mabruki, alikuwa fundi wa lipu na chokaa aliyepaka nusu ya nyumba za mjini, na Sabiri alikuwa amembebea ndoo mpaka alipomaliza darasa la saba. Ndiyo maana aliona kitu ambacho mtaalamu wa mifupa alikuwa amekipita: matone madogo, kama kumi na mawili, yaliyokaukia kwenye ukingo mmoja wa jiwe.

"Haya si ya baharini."

Martha alitazama kwa lenzi. "Ni chokaa?"

"Chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia, ukuta ung'ae. Siku hizi watu hununua rangi ya kopo. Bado wachache tu wanapaka hivi." Akasimama. "Jiwe hili lilikaa chini ya ukuta, fundi akapaka ukuta bila kulifunika. Baba angemtandika."

"Kuna kingine," alisema Martha. Alikuwa ameingiza vidole chini ya jiwe, upande uliogusa ardhi, na alipovitoa vilikuwa vimechafuka kwa udongo laini wa kijivu. Aliufinyanga ukawa kidonge. "Huu si wa pwani. Huu ni wa kwenu, na hata baada ya siku sita ndani ya turubai bado una maji."

Sabiri alifungua faili, akatafuta ripoti ya daktari aliyeupasua mwili wa Deus. Kucha za vidole vya mikono zilikuwa zimevunjika na kujaa udongo mwekundu mkavu. Kati ya vidole vya miguu kulikuwa na udongo wa kijivu, mbichi.

Alisoma mistari hiyo mara mbili, kisha akalifunga faili.

*

Josepha, mjane wa Deus, alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi. Alikuja kwa treni kuuliza ni lini atapewa kanga yake iliyofunikiwa maiti na viatu vya mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini hivi, na alikaa mgongo umenyooka kama mtu aliyekataa kuegemea kitu cha watu.

Martha alipotoka kunawa mikono, alimkuta pale, akampa pole. Labda kwa kutojua la kusema zaidi, akamweleza habari za mnyama: jicho, ngisi, mtoto tumboni. Josepha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmejua alichokula siku aliyokufa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kwamba alikuwa mjamzito."

"Ndiyo."

"Miaka milioni mia." Josepha alimgeukia Sabiri aliyekuwa amefika nyuma yao. "Afande, huyu mmemjua mpaka tumbo lake. Mume wangu amekufa wiki jana tu, Jumanne, na bado mnaniuliza mimi alikwenda kufanya nini shimoni."

Martha aliinamisha macho, akaikausha mikono yake ambayo tayari ilikuwa imekauka.

"Nina swali moja, mama," Sabiri alisema. "Kisima kikiwa kimefungwa, maji mnapata wapi?"

"Bwawa la lambo, pamoja na ng'ombe. Mwenye nacho ananunua kwenye trekta ya Tobias."

"Tobias wa wapi?"

"Wa hapahapa mjini. Ipuli. Ana kisima chake cha mashine kule njiani. Trekta inashusha kwanza kwa mjomba Zablon, ndiyo inakuja kwetu."

"Mjomba?"

"Mjomba wa Deus. Mama yake Deus na Zablon ni tumbo moja. Ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza."

Ummy aliacha kuandika, akamtazama bosi wake. Sabiri alitikisa kichwa kidogo sana: bado.

*

Nyumba ya Tobias haikuhitaji kuulizwa mara mbili. Ukuta wake wa mbele uling'aa weupe wenye ubuluu kwa mbali, na kando ya geti palikuwa na mstatili wa ardhi tupu, wenye urefu wa kitanda cha mtoto. Nyasi zilikuwa zimeuzunguka pande tatu, ila katikati hazikuwa zimeota. Mtu alikuwa amepanga hapo makopo matatu ya maua kuficha uwazi, na hayakutosha.

Tobias mwenyewe alikuja getini, mtu mnene, mpole, katika fulana safi.

"Karibuni, karibuni. Polisi wanatisha tu mitaani, nyumbani ni wageni."

"Hapa palikuwa na jiwe," alisema Sabiri.

"Palikuwapo."

Sabiri alitarajia kukanushwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na sasa maandalizi yalibaki mkononi kama mzigo.

"Lilitoka wapi?"

"Niliendesha lori la watu waliokuwa wakitafuta mafuta kule pwani ya kusini. Kambi ilipofungwa, waliacha vitu vingi. Mabati, mapipa, na hilo jiwe. Mimi nikalipenda. Watoto wangu walikuwa wanalikalia wakisubiri gari la shule."

"Ulijua ni nini?"

"Walisema ni mabaki ya mnyama wa zamani. Mimi si msomi."

"Na likafikaje kisimani Mwamapela?"

"Hilo la kisimani silijui. Mimi nililitoa." Akaingia ndani, akarudi na bahasha ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja iliyochapwa. *Mimi Tobias, mkazi wa Ipuli, nimeitolea kamati ya maji ya kijiji cha Mwamapela jiwe moja la mapambo, bila malipo.* Chini yake, sahihi mbili: ya Tobias, na ya Zablon. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi, siku mbili kabla ya mifupa "kupatikana".

"Jiwe la mapambo," alisema Sabiri. "Kwa kijiji kisicho na maji."

"Mtu hutoa alicho nacho, Inspekta."

"Redio ilipotangaza kwamba mifupa imechimbuliwa, hukusema kitu."

"Hakuna aliyeniuliza. Leo umeniuliza, nimekujibu."

"Trekta iliyolibeba ni yako."

"Trekta yangu hukodiwa na kila mtu. Jumapili ilikuwa kwa Zablon. Kilichopakiwa na kilichoshushwa, dereva hana habari nacho. Alikuwa kanisani na wenzake." Tobias aliikunja karatasi yake taratibu, kisha akafikiri upya na kumpa Sabiri. "Chukua hiyo. Nina nakala nne."

Ndani ya gari Sabiri alimpigia simu mwendesha mashtaka wa serikali, mwanamke mkali asiyependa kupotezewa muda. Alimsomea barua nzima.

"Kutoa zawadi si kosa, Sabiri."

"Amefunga kisima cha watu elfu moja na mia mbili kwa zawadi hiyo, ili wanywe chake."

"Nakuamini. Sasa nipe mtu aliyemsikia akisema hivyo. Mmoja tu."

Mmoja alikuwa amezikwa. Mwingine alikuwa ametia sahihi.

*

Walifika Mwamapela asubuhi iliyofuata, Josepha akiwa kiti cha nyuma na viatu vya mumewe mapajani. Walimshusha kwake. Sabiri na Ummy wakaendelea kwa miguu hadi kwa Zablon.

Kila kitu njiani kilikuwa na rangi ya vumbi: mapaa, mbuzi, majani ya miembe. Halafu wakazunguka uzio wa miba, na mbele yao pakatokea kijani kibichi. Vitalu kumi vya miche ya tumbaku, vimefunikwa nyasi kwa ustadi, udongo wake mweusi kwa unyevu. Zablon alikuwa amechuchumaa katikati, ndoo ya kumwagilia kando yake, mzee wa miaka sitini na ushee mwenye kola ya shati iliyofungwa hadi juu.

"Shikamoo, mzee," alisema Sabiri.

"Marahaba. Mwangaluka, karibuni. Mmeleta habari za kijana wetu?"

"Tumeleta. Miche mizuri."

"Mungu anasaidia."

"Anatumia ndoo ngapi kwa siku?"

Zablon alitabasamu kwa adabu. "Nanunua maji, mwanangu, kama wenzangu."

"Wenzako wanakunywa lambo. Trekta inashusha hapa mapipa manane kila siku, tangu Jumatatu ile ya mifupa. Nimemuuliza dereva. Anasema aliambiwa apeleke, hakuambiwa apokee chochote."

Tabasamu halikuondoka; lilisahauliwa tu pale usoni. Sabiri akatoa karatasi ya Tobias, akaikunjua mbele yake, ila hakumpa aishike.

"Sahihi yako?"

Zablon aliitazama kwa muda mrefu. Ndege mmoja alitua kwenye kitalu, akanywa kwenye kidimbwi, akaruka.

"Sikiliza, mzee. Huyu ni Konstebo Ummy, anaandika. Si lazima useme neno. Ukisema litaandikwa, na litasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jiwe alilishusha nani shimoni?"

"Deus."

"Peke yake?"

"Mimi na yeye. Jumapili, watu wakiwa ibadani. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilimwambia mchungaji naumwa." Aliokota jani kavu kitaluni, akalitupa. "Deus alikubali mwenyewe. Sikumlazimisha."

"Aliahidiwa nini?"

"Ulinzi. Tobias alisema serikali itajenga uzio, italeta watalii, na mlinzi wa kwanza atakuwa yeye. Koti, tochi na kiti cha kukalia. Alikuwa amechoka na mashimo. Kifua chake kilikuwa kibovu, akikohoa usiku mke wake anakaa macho. Kiti tu, afande. Alikitaka kile kiti."

Ummy aliandika. Kalamu yake ilisikika.

"Na wewe, maji ya vitalu."

"Mwaka jana miche yote ilikauka. Yote. Nilikwenda kuomba kibarua Urambo kwa mtu niliyemfundisha mimi kulima." Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Kisima kile kilikuwa hakina maji! Futi thelathini na nne, vumbi. Nilidhani tunafunga shimo kavu. Nani angeumia kwa shimo kavu?"

"Jumanne."

Zablon aliivuta ndoo karibu yake.

"Jumanne, mzee. Deus alikuja kwako miguu ina tope la kijivu."

Zablon aligeuka, akamtazama Sabiri kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni asiyelijua. Kisha mabega yakashuka.

"Adhuhuri," alisema. "Alikuja anacheka. Alikuwa ameshuka kulitengeneza lile jiwe likae vizuri, wataalamu wasije wakashuku, na sururu ikatoka na udongo mbichi. 'Mjomba, maji yapo. Yapo chini ya mnyama wetu. Futi mbili, tatu.' Nikamwambia nyamaza. Akasema nitanyamazaje, watoto wanakunywa na ng'ombe. Nikamkumbusha kiti. Akasema kiti atakikalia mwingine. Jioni angepiga kengele ya kanisa, awaambie watu wote, yake na yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, twende ukanionyeshe."

Upepo uliinua nyasi za kitalu cha mwisho. Zablon alinyoosha mkono, akazirudisha mahali pake bila kutazama.

"Alipofika chini nikaivuta kamba. Nikaitundika. Nilitaka akae mpaka jioni, apoe, afikiri. Ni mtoto wa dada yangu. Ningemuua vipi mtoto wa dada yangu?"

"Aliita?"

"Aliita."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuja kumwagilia." Alitazama ndoo. "Jua lilikuwa kali. Miche haingojei."

"Uliporudi?"

"Alikuwa amechimba vishimo vya kukanyagia ukutani kwa vidole, hadi karibu na juu. Hatua nne zaidi angetoka. Udongo ulimvunjikia." Zablon alifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Sururu yake niliitoa kwa ndoano. Nikamwaga udongo mkavu, kule kwenye ubichi kufunikwe. Asubuhi nikaenda kumkuta, pamoja na watu."

"Tobias alijua?"

"Nilimpigia simu. Akasema yeye alitoa jiwe tu."

Sabiri alimfunga pingu kwa mbele, kama anavyofungwa mzee. Walipofika kwenye uzio Zablon aligeuka.

"Nani atamwagilia jioni?" aliuliza.

*

Josepha aliwapokea uani. Sabiri alikuwa ameshatoa habari za vifo mara nyingi, na njia yake ilikuwa moja: kusema yote kwa mpangilio, bila kupamba. Alisema kuhusu kamba. Alisema kuhusu vishimo vya vidole. Halafu ikabaki sehemu ambayo angeweza kuiruka, maana haikubadili shitaka.

"Jiwe lile, mama. Deus alisaidia kulishusha."

Josepha aliketi kwenye kinu kilichogeuzwa, viatu vya mumewe bado mkononi.

"Kwa ajili ya nini?"

Alimwambia kuhusu koti, tochi na kiti.

"Hakuniambia," alisema. "Wiki nzima alikuwa halali, nikadhani ni kifua." Alifuta vumbi kwenye kiatu kimoja. "Lakini alitaka kusema. Ile Jumanne."

"Alitaka. Ndiyo sababu amekufa."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, na Zablon ametia sahihi."

"Na kisima?"

Hapo Sabiri alitazama chini. "Ni eneo la mauaji. Kitakaa kimefungwa mpaka kesi isikilizwe. Nimeomba kibali kichimbwe mapema. Sijui kama kitatoka, wala lini."

"Futi mbili, tatu."

"Ndiyo, mama."

"Na Tobias?"

"Tobias ana barua, na dhidi yake kuna neno la Zablon tu, mtuhumiwa mwenyewe. Halitoshi."

Josepha alicheka, kicheko kifupi kikavu, kikaisha kabla ya kuwa kicheko. Ng'ambo ya njia, honi ya trekta ililia, na wanawake wakaanza kutoka majumbani na ndoo. Mwanamke mmoja aliyepita uani aliichukua ndoo ya Josepha bila kuuliza, akaenda kuiweka mbele kabisa ya foleni. Tangu mazishi walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Mume wa huyu alikufa akitutafutia maji, walikuwa wakisema, huyu hasubiri.

"Ni lazima waambiwe?" aliuliza Josepha.

"Mimi siwaambii. Lakini mahakamani itasomwa kwa sauti."

"Basi nitawaambia mwenyewe. Wasije wakalisikia kwa mwanasheria."

Aliweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, akavuka njia. Sabiri alibaki pale aliposimama. Josepha alizungumza Kinyamwezi, kwa sauti ya kawaida, bila kuinua mkono. Na Sabiri, mtoto wa Tabora, alielewa kila neno. Aliwaambia habari za jiwe. Aliwaambia Jumapili ile, wao wakiimba kanisani, nani alikuwa kisimani. Aliwaambia pia habari za Jumanne, lakini kwa kifupi zaidi, kama mtu anayejua kwamba nusu hiyo haitasikilizwa.

Hakuna aliyemtukana. Bibi mmoja alitema mate pembeni. Mwenye mtoto mgongoni aligeuka akaangalia upande wa lambo. Yule aliyeibeba ndoo ya Josepha aliitazama pale mbele ilipokuwa, akanyoosha mkono kama anataka kuigusa, akaurudisha.

Josepha aliinama, akaichukua ndoo yake. Akapita kando ya wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa foleni, akaiweka chini, akasimama nyuma yake.

Dereva alifungua bomba.